Seva Mpya Iliyoikana Maabara

Kwa miaka kumi na mmoja, kila kompyuta iliyoingia hospitali ile ilipewa jina na mwanamke mmoja, fundi wa mitandao ambaye wenzake walimwita Mama Waya. Kompyuta hutafutana kwa namba, lakini daktari hana muda wa kukariri namba. Yeye huandika "maabara", na seva ya majina ndiyo inayojua namba yake. Seva hiyo Mama Waya aliilea kama mwanawe.

Jengo jipya la wazazi lilipokamilika, ikaletwa seva nyingine ya majina pamoja na mtaalamu wa kuifunga. Mama Waya alimwandikia mkuu wa idara kurasa mbili: seva mpya ishike majina ya jengo jipya tu, mengine iiulize ile ya zamani. Mkuu akapiga kimya.

Jumatatu saa tatu asubuhi, seva mpya ikiwa imeshawashwa, Mama Waya akapigiwa simu na mke wa kaka yake, aliyefanya kazi maabara.

"Wifi, majibu ya damu hayafiki wodini. Kompyuta inasema hakuna kitu kinachoitwa maabara. Kuna mama amejifungua, damu haikatiki, nami napanda ngazi na karatasi mkononi."

Mama Waya alishuka chumba cha seva mbio. Mtaalamu alikuwa amekalia kiti cha Mama Waya, miguu kainyoosha. Seva mpya alikuwa ameikabidhi jina zima la hospitali, yaani mamlaka ya kujibia idara zote, kana kwamba halikuwa na mwenyewe. Ikiulizwa isilolijua, haikuuliza popote. Ilijibu tu: halipo.

"Majina yangu yako wapi?"

"Ya zamani? Tutayaingiza kidogo kidogo wiki hii."

"Na mgonjwa naye avuje damu kidogo kidogo?"

Mkuu wa idara akatokea mlangoni. "Tusipandishe sauti. Madaktari nimeshawaambia seva yako imezeeka, ndiyo chanzo."

Mama Waya akamgeukia mtaalamu, akasema kwa sauti ya chini, "Ondoka kwenye kiti changu."

Akainyang'anya seva mpya jina la hospitali, akaiachia tawi la wazazi peke yake. Kwenye ile ya zamani akaandika kwamba atakayetafuta tawi hilo aelekezwe kule. Ilimchukua dakika ishirini. Akapiga simu maabara.

"Jaribu."

"Yamefika," wifi yake akasema. "Yule mama ameshawekewa chupa ya pili ya damu."

Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kikao cha madaktari, bila kualikwa, akazisoma zile kurasa mbili na tarehe zilipopokelewa. Mkuu wa idara aliikodolea macho simu yake. Mganga mkuu aliagiza kwamba kuanzia siku ile kifaa chochote kisiunganishwe bila saini ya Mama Waya.

Jioni, wakitoka kazini, wifi yake alimshika mkono. "Kunjua uso basi. Umeshinda."

"Nimeshinda nini? Angekufa yule, wangeandika seva imezeeka. Na mimi ndiye ningeambiwa niitie saini hiyo ripoti."

Mkuu wa idara hakuwahi kumwomba radhi, na Mama Waya mpaka leo hamwamkii.