Dokta Aliponiambia Nisinyamaze

Nilikuwa bado sijaolewa rovu liliponiota shingoni. Kwetu milimani Masisi wengi tulikuwa nalo, lakini langu lilikua hadi nikilala chali pumzi inabana. Papa, baba yangu, akanipeleka hospitali ya misheni asubuhi moja ya ukungu, tukisikia ng'ombe mabondeni bila kuwaona.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwa mama mmoja wa msitu wa Walikale. Rovu lake lilikuwa limekwisha kutolewa, akiwa amelazwa usingizi wa dawa. Alipoamka, sauti ilikuwa imekwenda. Alinong'ona tu.

Dokta, mzungu mrefu, alikuja akaketi kando yake. "Mama, niligusa mushipa ya sauti. Njo kosa ya mukono yangu." Kisha akanigeukia. "Wewe hautalala. Nitakuchoma sindano ya ganzi, na utasema mupaka nimalize, nisikie sauti yako."

Yule mama akanishika mkono. "Usinyamaze, mutoto yangu," akanong'ona.

Kwenye meza ya upasuaji, sindano ilichoma, kisha shingo ikawa si yangu tena. Nilisikia kuvutwa tu, mbali, bila maumivu. Masere, mtawa aliyemsaidia dokta, akainama sikioni mwangu.

"Sema, binti."

"Niseme nini, masere?"

"Mambo ya kwenu."

Nikasema juu ya kilima chetu, maharage yakichanua, maziwa yenye joto kibuyuni. Taa ikafifia machoni pangu, ikawa jua ndani ya ukungu. Ng'ombe wa Papa wakaanza kupita darini, taratibu, migongo ikiwa na umande, nami nikawaita kwa rangi zao. Nilipofika kwa yule wa madoa, neno likakwaruza, likawa jembamba, likakatika.

"Dokta, ngoja!" masere akasema.

Mkono ukasimama. Dokta akalegeza alichokuwa amekishika, akasubiri.

"Sema tena, binti."

"Madoa," nikasema. Sauti ikatoka nzima. Dokta akashusha pumzi, akapitia upande mwingine, nami nikaendelea kuwaita hadi nyuzi za mwisho.

Siku kadhaa baadaye, nyuzi zetu zilipokwisha kutolewa, ilikuwa zamu ya yule mama kurudi kwao. Mume wake alikuwa ng'ambo ya uwanja, akifunga mizigo, amempa mgongo. Mama alifungua kinywa, akakifunga, akanitazama.

"Uniitie yeye," akanong'ona.

Nikaita. Mwanaume akageuka, akatutazama sote wawili, asijue ni nani aliyemwita.