Injini Ipumzike

Harufu ya viti vya plastiki vilivyoiva kwa jua hunirudisha kwetu Ngoingwa popote inaponikuta. Juzi ilinipata Ruiru, kando ya barabara, vijana walipokuwa wakilipiga picha gari la zamani lililosuguliwa hadi likang'aa kama sufuria mpya. Niliingiza kichwa dirishani nikavuta pumzi, na mwenyewe akadhani nataka kulinunua. Nilimshukuru nikaenda zangu. Ninyi, acheni niwaambie.

Baba alikuwa na gari la namna hiyo, la rangi ya chai ya maziwa. Ndiye aliyemfundisha mama kuendesha, na alimfundisha yote, pamoja na mazoea yake mwenyewe. Kati ya nyumbani na mjini Thika palikuwa na mteremko mrefu ulioshuka hadi darajani. Kileleni, baba aliondoa gia, akazima injini, akaliachia gari lijiendee. "Huku chini tunashushwa na Mungu," alisema, "petroli ya nini?" Kilichobaki ni upepo na mnong'ono wa magurudumu. Hapo ndipo alipoanza kuimba besi ya wimbo wa kwaya, besi nzito isiyokuwa na uhusiano mkubwa na wimbo wenyewe, na mama akamfuata kwa alto. Daraja lilipokaribia, aliingiza gia, injini ikashtuka, na wimbo ukaishia popote ulipokuwa umefika.

Alifariki nikiwa darasa la tatu. Baada ya matanga mama alichukua funguo, kwa kuwa alikuwa mwalimu Ruiru, njia ya kwenda huko ikipitia daraja lile lile, na mimi nilisoma shuleni kwake. Kila asubuhi tulishuka mteremko ule kama tulivyofundishwa, injini imezimwa, ila sasa bila wimbo. Na kila asubuhi breki zilimkataa. Pedali ilikubali mara ya kwanza, laini kabisa. Mara ya pili ikawa kama kukanyaga jiwe. Mama alikaza mgongo kwenye kiti, akasimama juu ya pedali kwa miguu yote miwili, nami nikashikilia mlango nikiwaza kama maji ya mtoni yana kina. Tulifika darajani tumeuma meno.

Habari zilimfikia baba mkubwa, kaka yake marehemu. Jumapili moja baada ya kanisa aliweka kikombe chini akasema, "Mama Wanjiru, gari hii ilizoea mguu wa mwanamume. Jumamosi nitakuja kuichukua. Nimezika ndugu yangu. Sitaki kuwazika na nyinyi."

Alisema kwa upendo, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumkatalia. Mama alimwongezea chai. Usiku nilimwona amekalia kitanda, anajikanda paja la kulia kana kwamba ndilo lenye hatia.

Katikati ya wiki alilipeleka gari kwa fundi Onyango, aliyekuwa na gereji Ruiru, mahali tambarare kama meza. Fundi alitazama mafuta ya breki, akapapasa mipira, akazunguka nalo uwanja mara kadhaa na kusimama kwa madaha mbele ya kuku waliokuwa wakidonoa.

"Mama, hii gari haina neno."

"Inanikataa, Onyango. Inakuwa ngumu."

"Basi ingia wewe. Zima injini. Sasa kanyaga, kanyaga, usiionee huruma."

Mama alikanyaga hadi pedali ikagoma. Nilimwona akigeuka kumtazama fundi: ndiyo hiyo, unaona sasa?

"Usitoe mguu hapo. Washa."

Injini iliponguruma, pedali ilizama taratibu chini ya kiatu chake, yenyewe, kama mtu anayeshusha pumzi.

"Umeona? Busta ni nzima," fundi alisema, akigonga lile duara jeusi la chuma lililoko mbele ya pedali. "Ndiyo inasaidia mguu wako. Inavuta nguvu kwa injini kupitia huu mpira."

"Na injini ikizimwa?"

"Aa, mama! Itavuta wapi? Unabaki na mguu wako tu."

Mama aliinamisha kichwa kwenye usukani. Mabega yalianza kutikisika, na sikujua kama analia hadi niliposikia kicheko. Kisha akawa analia kweli. Fundi alinigeukia, amepigwa na butwaa. "Kwani nimesema nini?"

Jumamosi baba mkubwa alifika na kofia yake ya safari. Mama alimfungulia mlango wa mbele, wa abiria, nami nikaketi nyuma. Tulipofika kileleni, yule mzee akamgeukia. "Haya, zima basi. Unangoja nini?"

"Hapana, shemeji. Kuanzia leo inashuka ikiwa macho."

Katikati ya mteremko aligusa pedali kwa ncha ya kiatu, na gari likasimama kwa upole, bila hata kumtikisa mzee wetu kofia.

"Ngai!" Alitazama mguu wa mama, akatazama barabara. "Kumbe breki ni sisi tulikuwa tunaizima?"

Hakulitaja tena suala la kulichukua gari.

Tangu siku hiyo tulishuka kwa ngurumo, salama. Lakini kila tulipovuka daraja mama aliegesha pembeni, akazima injini, akakaa ametazama mbele, mikono juu ya usukani. Nilipomuuliza tunangoja nini, alijibu, "Injini ipumzike." Nilimwamini. Niliwaeleza hata wenzangu darasani kwamba magari huchoka sana yakifika mtoni.

Miaka ilipita, nikamaliza chuo kikuu, nikawa na gari langu. Alasiri moja nilivuka daraja lile peke yangu na mkono ukaenda wenyewe kwenye ufunguo. Hapo ndipo nilipojiuliza, kwa mara ya kwanza, injini ingechokaje kwa kuteremka. Na nikakumbuka kitu nilichokiona kila asubuhi bila kukitilia maanani: katika kimya kile midomo ya mama ilikuwa ikicheza polepole. Alikuwa akiimba alto, na kila baada ya mstari alinyamaza kidogo, akiacha nafasi ya besi.