Hakai na Kisanduku cha Juu

Walimwita Hakai kwa sababu kazi yake ilikuwa viti na yeye mwenyewe hakukaa. Asubuhi alifungua karakana, akatoa makochi ya watu nje yapigwe na jua, na tangu hapo ilikuwa ni kuzunguka tu: mara anavuta kitambaa, mara anagongelea misumari huku mingine kaibana kwa midomo, mara yuko mlango wa jirani akiulizia mambo yasiyomhusu. Chai aliinywa wima. Mteja akimwambia, "Fundi, hebu kalia mwenyewe tuone kama sponji imekaa sawa," yeye aliibonyeza kwa ngumi na kujibu, "Ngumi yangu haijui kudanganya."

Sehemu iliyomshika ilikuwa moja, na hata hapo alisimama. Nyuma ya karakana palikuwa na banda la wavu aliloachiwa na mama yake, limejaa vikasuku wa kijani, wa manjano na wa buluu, kila mmoja wa kutosha kiganjani, wakipiga soga kutwa nzima kama watu waliokutana kwenye foleni. Mama yake aliweza kukaa mbele ya banda lile alasiri yote, mikono mapajani, bila kusema neno. Baada ya mama kufariki, ndege wake walipungua mmoja mmoja, na Hakai akajazia kwa wa kununua. Wa uzao wa mama alibaki jike mmoja, Jivu, mwenye rangi ya majivu na zambarau kidogo mashavuni. Naye umri ulikuwa unakwenda. Msimu ule ukipita bila kinda, basi, ndege wa mama wamekwisha. Jambo hilo lilimkaa Hakai rohoni kama msumari uliosahaulika ndani ya kochi.

Jirani yake, Fundi Redio, naye alifuga vikasuku, ila kwa mtindo wa peke yake. Alichukua maganda ya televisheni za zamani, zile za mbao, akayatoa matumbo, akayawekea wavu kwa mbele na kisanduku cha kutagia ubavuni. Kila dume na jike wake walikaa humo wawili tu, vizimba vimepangwa ukutani kimoja juu ya kingine.

"Kwangu kila mtu na stesheni yake," alipenda kusema. "Namjua baba, namjua mama, namjua mtoto. Wewe humo bandani unajua nini? Harusi ya mtaa mzima!"

"Wako wamefungwa jela, jirani."

"Jela gani hiyo ina chakula mlangoni na mke ndani? Nionyeshe niingie leo."

"Ndege ni wa kundi. Mama hakuwahi kuwatenganisha."

"Mama yako alikuwa na macho," alisema Fundi Redio. "Wewe una miguu tu."

Maneno hayo yalimchoma, kwa kuwa yalikuwa na ukweli. Mama alikuwa na kanuni zake za bandani. Visanduku viwe vingi kuliko majike, ili asiwepo wa kunyang'anya. Na vyote vining'inizwe kimo kimoja, sawasawa, kama madirisha ya shule. Hakai aliyajua hayo tangu utotoni. Lakini mkono usiotulia hutafuta cha kufanya. Siku moja akiwa ameshika nyundo bila kazi, alimtazama Jivu, akamwonea huruma kwa uzee wake, akaona si vibaya kumpa heshima kidogo. Alitengeneza kisanduku kipya kizuri, akakipigilia juu kupita vingine vyote, karibu na paa.

"Hicho cha mkubwa," alimwambia mkewe.

Mkewe, aliyekuwa akishona mito ya makochi kwa cherehani pale pale karakanani, aliinua macho. "Na hao wengine umewaambia kuwa ni cha mkubwa?"

Jivu alikipenda. Aliingia, akachungulia nje, akataga. Na kila jike bandani akakitaka kile kile. Vingine vilikuwa vitupu, milango wazi, lakini kwa vikasuku tawi la juu ndilo tawi, na majike wakishaanza kugombea shimo hawana msalie mtume. Hakai alisikia kelele akiwa katikati ya kuvuta ngozi ya kiti. Alipofika, jike wa kijani alikuwa ndani ya kisanduku, mayai yamepasuka sakafuni, na Jivu ameng'ang'ania wavu chini kabisa, kidole kimoja cha mguu kinavuja damu.

Alikishusha kisanduku. Mkewe akaleta maji ya chumvi na pamba.

Siku iliyofuata Hakai aliamua kumtenga Jivu. Alitengeneza kizimba chenye kisanduku cha kutagia ubavuni. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu, alikipiga msasa, akakipaka rangi, na pembeni mwa mlango akazungushia mahameli nyekundu iliyobaki kwenye kochi la bwana harusi fulani. Alimtia Jivu na dume wake wa manjano, akakipeleka chumba cha ndani kilimowekwa majora ya vitambaa, mahali penye utulivu ambapo hata nyundo haikusikika.

Wale wawili wakanyamaza kabisa.

Walikula kidogo, wakakaa mbalimbali kwenye kijiti, kila mmoja akitazama upande wake. Hakai akadhani ni mwanga, akasogeza kizimba dirishani. Akadhani ni upepo, akakirudisha. Akakiweka juu ya meza, chini ya meza, juu ya kabati. Akabadilisha mtama, akabadilisha kijiti.

"Wewe ukihamishwa hivyo, mimba utashika lini?" mkewe aliuliza.

"Mimi ni mwanamume."

"Ndiyo maana huelewi."

Aliyeelewa ni Fundi Redio, alipopita kuazima koleo. Alisimama chumbani akatega sikio, kama anavyotegea redio mbovu.

"Mbona kama msibani? Bwana wee, kizimba si upweke. Wangu hawaonani, lakini wanasikiana, ukuta mzima unapiga kelele. Mwenzao akiimba, naye damu inamchemka. Wewe umewatoa kwenye vita ukawatia kaburini."

"Si ulisema niwatenge?"

"Nilisema kuwatenga, sikusema kuwazika. Kiegemeze kwenye banda lako. Wenzake wawepo karibu, ila mdomo wao usimfikie."

Hakai hakupenda kufundishwa na mtu aliyekuja kuazima, lakini alikibeba kizimba hadi kwenye banda, akakiegemeza kwenye wavu na kutia ubao katikati, sauti zipite na midomo isipite. Kabla chai haijapoa, dume wa manjano alikuwa anatikisa kichwa na kubwabwaja. Baada ya muda ngozi ya juu ya mdomo wa Jivu ikawa kahawia iliyokolea, dalili ya jike aliye tayari. Akaanza kuingia kisandukuni, na dume kumlisha mlangoni.

Sasa kazi ya Hakai ilikuwa moja tu: kungoja. Na hiyo ndiyo asiyoiweza. Alipiga msumari mmoja akaenda kuchungulia. Akakata kitambaa, akaenda kuchungulia. Alifungua kifuniko cha kisanduku kwa ncha ya kidole, polepole, kama mwizi mstaarabu, na kila mara Jivu aliruka nje. Yai la kwanza lilipatikana limepoa. La pili Jivu hakulikalia kabisa.

Jioni ile mkewe alizima cherehani.

"Ile kazi ya viti vya ukumbi, kule mji wa pili, umeshawajibu?"

"Nimewaambia siwezi. Jivu yuko kwenye hali."

"Waambie unakuja."

"Na Jivu?"

"Jivu hajakuajiri, mume wangu. Umemtenga na yule wa kijani, ukabaki wewe. Ni nani sasa anayeingia nyumbani kwake bila hodi?"

Hakai alikwenda akasimama mbele ya kizimba, safari hii bila kugusa kifuniko, kisha akaingia ndani kufunga nyundo na makasi yake kwenye mfuko.

Huko ugenini alivua vitambaa vya viti safu kwa safu, na simu ikawa haitoki sikioni.

"Ametaga?"

"Sijui."

"Hujafungua?"

"Sijafungua."

"Basi gonga kidogo usikie."

"Nitakugonga wewe," alisema mkewe, akakata.

Hakai alirudi baada ya wiki kadhaa, viatu vimejaa vumbi, mfuko begani, akapita karakana moja kwa moja akielekea nyuma. Mkewe alikuwa ameweka kiti cha mteja katikati ya mlango wa uani, kile kilichokuwa kimengoja mito yake tangu kabla ya safari.

"Kaa hapo."

"Niache nipite, mke wangu, nione tu mara moja."

"Kaa."

Alikaa. Sponji ilishuka chini yake, na kwa mara ya kwanza Hakai aligundua kuwa upande wa kushoto aliujaza zaidi kidogo kuliko wa kulia. Alitaka kuinuka airekebishe. Mkewe alimwekea mkono begani.

Bandani walikuwa wanapiga soga kama kawaida. Dume wa manjano alikuwa mlangoni pa kisanduku, kichwa ndani. Jivu hakuonekana. Hakai alishika mikono ya kiti, goti linacheza. Halafu, chini ya kelele zote zile, akasikia sauti nyembamba, ya kukwaruza, kama kalamu mbovu juu ya karatasi, ikidai chakula. Ikanyamaza. Ikadai tena.

"Wangapi?" alinong'ona.

"Sijui," alisema mkewe. "Nimesikia mmoja."

Goti la Hakai lilikuwa bado linacheza. Aliweka mikono yote miwili mapajani, akalibana.