Karavani Yetu Juu ya Jabal Shams

Jamaa zangu wa Unguja mlipopata habari kwamba nimekokota nyumba ya magurudumu hadi Jabal Shams, mlima mrefu kuliko yote Oman, na mgonjwa kitini pembeni yangu, wengine mlicheka na wengine mlinipigia simu kunilaumu. Nawasimulia safari yote, tangu kutoka hadi kurudi, kisha muamue wenyewe.

Sababu ya kuondoka ni mume wangu, Nassor. Alipatwa na kiharusi, na kwa rehema za Mungu mguu ulirudi, akawa anatembea kwa mkongojo. Mkono wa kulia ulibaki mzito. Lakini kilichomuumiza zaidi ni ulimi. Mtu aliyefanya kazi serikalini kwa Kiarabu miaka na miaka, akiongoza mikutano, alizinduka hospitalini Kiarabu kimemkimbia. Kilichorudi mwanzo ni Kiswahili cha utotoni kwake Malindi, nacho kilikuja kimekatikakatika, maneno yamebadilishana nafasi. Akitaka maji husema moto. Akimwita binti yetu Asma hutaja jina la dada yake yeye mwenyewe, aliyekwisha fariki. Akili yake ni nzima. Anajua kabisa kwamba neno lililotoka silo, na hapo ndipo anapoumia. Ikawa akisikia tu kengele ya mlango huinuka akaenda chumbani, na wageni wakaniachia salamu zao mimi. Msikitini aliacha kwenda, japo upo nyuma ya nyumba yetu hapa Al Khoudh, Muscat.

Karavani tulikuwa nayo. Aliinunua mwenyewe kabla ya maradhi: nyumba ndogo nyeupe ya kufungwa nyuma ya gari, ina vitanda viwili, jiko na choo chake. Alikusudia akistaafu tuizunguke Oman nzima. Sasa ilikuwa imesimama uani, imefunikwa turubai. Daktari alisema anaweza kusafiri, ila asiendeshe. Siku moja tunakunywa chai nikamwambia, "Baba Asma, nitaendesha mie."

Nikadhani atakataa. Akasema, "Mlima." Nalo lilikuwa ndilo neno hasa alilolitaka.

Yiti, kijiji cha pwani, ndiko nilikojifunzia kuikokota. Njia ya kwenda huko inapanda na kushuka vilima, na ukifika kijijini pana uwanja mtupu karibu na pwani. Kwenda mbele na karavani si kazi. Kazi ni kurudi nyuma, kwa sababu ukitaka karavani ielekee kulia, usukani unaukata kushoto, na ukisahau mara moja tu, karavani na gari vinakunjana kama mkasi. Nassor alikaa kwenye kiti cha kukunja akinielekeza kwa mkono wa kushoto. Watu wa kijiji walitoka kututazama, na mama mmoja akaniletea maji baridi akaniambia kwa Kiarabu nisikate tamaa, mumewe pia hajui kurudi nyuma. Nilirudi Yiti asubuhi nyingi, mpaka nikaweza kuiingiza karavani baina ya mawe mawili bila kuligusa hata moja.

Asma alipojua alinipigia simu kutoka kazini. "Mama, hata Baba mwenyewe hajapata kuipandisha mlimani."

"Basi tutakuwa wa mwanzo," nikamwambia.

Alfajiri ya Alkhamisi, baada ya kuswali, tuliondoka. Ilikuwa majira ya baridi, hewa ya Muscat imelainika. Tukaishika njia kuu ya Nizwa, tukapita Fanja na mitende yake iliyojipanga kandokando ya wadi, bonde la mto mkavu, kisha tukaingia kwenye mwanya wa Samail, ambako milima imekaa pande zote mbili, myeusi na ya kahawia, haina hata jani. Mgeni anaweza kudhani ni nchi iliyokufa. Mimi kila nikipita hapo huona kama Mungu alitaka kutuonesha mifupa ya dunia kabla haijavishwa nyama. Nassor alishusha kioo, upepo ukampiga usoni, naye akafumba macho kwa raha.

Adhuhuri tulikuwa Al Hamra. Tulikula wali na samaki niliopika usiku uliotangulia, tukajaza maji na mafuta. Kutoka hapo njia inaelekea Wadi Ghul, na ng'ambo ya bustani unaliona gofu la kijiji cha kale limeng'ang'ania jabali, rangi yake na ya jabali ni moja. Kisha kupanda kunaanza. Lami inajikunja, inajikunja tena, masikio yanaziba. Niliweka gia ya chini kabisa, nikaenda mwendo wa punda. Magari madogo yalitupita, na wenyewe wakatupungia mikono.

Baada ya muda lami iliisha tukaingia kwenye changarawe, na hapo ndipo yalipotukuta.

Tulikuwa kwenye kona nyembamba, ukuta wa mwamba upande mmoja na upande wa pili ni hewa tupu, lilipotokea mbele yetu gari la maji, kubwa, lile linalopelekea maji vijiji vya juu. Lilikuwa likishuka. Nyuma yake yalifuatana magari mengine mawili. Dereva alisimama, akatoka, akaja dirishani kwangu kwa adabu.

"Mama," akasema kwa Kiarabu, "mie siwezi kurudi, nyuma yangu pamejaa. Lakini nyuma yako, baada ya kona, pana nafasi pana."

Nilikuwa nimeiona nafasi hiyo tulipopita. Ilikuwa kushoto, upande wa ukuta. Kuifikia ilinibidi nirudi nyuma kwenye mteremko, na karavani izunguke kona ambayo siioni. Nikageuka kumwambia Nassor tusubiri labda apatikane mtu wa kutusaidia, nikakuta mlango wake uko wazi. Ameshateremka.

Kwenye kioo nilimwona akijikokota na mkongojo wake hadi pembeni ya karavani, mahali ninapoweza kumwona na yeye anaweza kuiona kona. Akasimama. Akainua mkono wa kushoto. Nikaanza kurudi, taratibu, changarawe inalia chini ya magurudumu.

"Kulia," akapaza sauti.

Nusura nifuate. Kulia kulikuwa na hewa tupu. Lakini mkono wake, niliouona vizuri kwenye kioo, ulikuwa ukivuta kushoto, kwa nguvu, kushoto.

"Kulia, Rahma, kulia," akarudia, na sauti ilikuwa na hasira, maana naye alikuwa akijisikia anachokisema. Mkono haukubadilika.

Nilisema bismillahi, nikayaacha masikio yangu, nikaufuata mkono. Nilikata usukani kama nilivyojifunza Yiti. Mkono ukasema bado, bado, kidogo, kisha ukafunguka wote: simama. Nilipovuta breki ya mkono na kuteremka, karavani ilikuwa imelala ubavuni mwa mwamba kama iliyopimwa kwa kamba. Gari la maji likapita, na dereva akaweka mkono kifuani kumwelekea Nassor.

Nassor alinijia na mkongojo wake. Akajigonga mdomo kwa vidole, akatikisa kichwa. Kisha akauinua ule mkono wa kushoto akautazama, akanionesha, akasema polepole, "Huyu... ndiye."

"Ndiye," nikamwambia.

Alasiri tulitokeza juu. Nyinyi mnaoijua Oman ya picha za majangwa, sijui niwaelezeje. Ni uwanda wa mawe ulioinuliwa mawinguni, na juu yake imesimama mireteni mikongwe, magome yamejisokota kama nguo iliyokamuliwa, na mizeituni ya mwitu, kila mti umejitenga na mwenziwe. Halafu, ghafla, ardhi inakatika. Unasimama ukingoni na chini yako kuna korongo ambalo macho hayafiki mwisho wake kwa mara moja. Yanateremka, yanapumzika kwenye kipande cha mwamba, yanateremka tena. Niliwaona tumbusi wakizunguka, nao walikuwa chini yetu. Maisha yangu yote ndege nilimtazama kutoka chini. Siku ile niliona migongo yao.

Tulisimamisha karavani mbali na ukingo, nikaweka mawe kwenye magurudumu. Kabla chai haijachemka alitujia mwenyeji, Mzee Humaid, anayekaa na mkewe Bi Zayana kwenye nyumba ya mawe si mbali na pale. Wote wawili husuka mazulia ya sufu, kazi ya watu wa mlima huo. Alikuja na birika la kahawa na tende, na kwapani ameshika sufu na kijiti cha kusokotea uzi.

Nilimsikia Nassor akiinuka ndani ya karavani. Nilijua anakwenda kulala kitandani ajifanye hayupo. Lakini karavani haina chumba cha kukimbilia. Mlango ni mmoja, na Mzee Humaid alikuwa ameshasimama mbele yake.

"Asalamu alaykum," akasema mzee.

Mnaijua salamu ya Waomani wa ndani. Haiishi kwenye alaykum salamu. Baada ya kujuliana hali huja kuulizana habari, kwa maneno yaleyale yaliyorithiwa, mmoja anauliza mwengine anajibu, kama watu wanaopokezana tofali. Mzee akauliza, "Kuna habari?" Na nikasikia sauti ya mume wangu, kwa Kiarabu, ikijibu, "Hakuna habari." "Kuna jipya?" "Hakuna jipya." Akauliza hali ya watu, ya nchi, ya njia, na kila swali Nassor alilijibu palepale, hakukwama, neno baada ya neno, kisha akamgeuzia mzee maswali yaleyale tangu mwanzo. Nilisimama na sufuria mkononi. Daktari aliwahi kunieleza kwamba maneno ya mazoea, kama sala na salamu, mara nyingi husalimika. Lakini kuelezwa ni kitu kimoja, na kuyasikia yakimtoka mdomoni mbele ya mgeni ni kitu kingine.

Salamu iliisha, na maneno ya mazoea yakaisha nayo. Mzee akaketi kwenye mkeka, akauliza, "Njia mmeionaje?"

Nassor alifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Nilitaka kujibu mimi, kama nilivyozoea, lakini mzee alikuwa hamtazami. Anatazama uzi wake, anasokota. Hakuonesha kwamba anangoja. Nikanyamaza. Upepo ulipita, mbuzi mmoja mwenye manyoya marefu akaja akanusa tairi letu akaondoka.

"Gari," akasema Nassor kwa Kiarabu. "Gari ya... maji." Akavuta pumzi. "Mke wangu alikwenda..." Akalitafuta neno kwa mkono hewani, akalikosa, akasema kwa Kiswahili, "kinyumenyume."

Mzee akainua uso. "Kinyumenyume?"

Nassor akamwonesha kwa kiganja, karavani inavyorudi ikizunguka kona. Mzee akalielewa papo hapo. Akanitazama mimi, akaitazama karavani, akaitazama njia tuliyopanda. "Kinyumenyume," akasema tena, taratibu, kama mtu anayeonja tende ngeni, na wote wawili wakacheka. Tangu maradhi sikuwa nimemsikia Nassor akicheka mbele ya mtu asiyekuwa wa nyumbani.

Ijumaa na Jumamosi tulikuwa huko. Asubuhi maji ya kutawadha kwenye beseni yalikuwa na ngozi nyembamba ya barafu. Bi Zayana alinifundisha kutofautisha sufu ya kondoo na ya mbuzi kwa kuipitisha shavuni, nami nikampikia mandazi ya iliki, akayala na kahawa akasema haya ni chakula cha wasafiri, yanashibisha na hayamwagiki. Nilitembea peke yangu kwenye njia ya mbuzi inayofuata ubavu wa korongo, mwamba umeinama juu ya kichwa, na nikafika mahali ambapo palikuwa kimya mpaka nikawa nasikia mbawa za tumbusi. Niliporudi niliwakuta wanaume wawili palepale mkekani. Nassor ameibana sufu kwa mkono wake mzito, anaivuta kwa ule mzima, na mzee anazungusha kijiti. Walikuwa wakizungumza, au walikuwa wamenyamaza. Ukiwaangalia kwa mbali usingeweza kutofautisha.

Jumapili tuliteremka, baada ya kuagana kwa salamu ndefu kama ile ya kufikia. Kwenye changarawe hatukukutana na mtu. Gia ilifanya kazi ya breki, na Nassor alisinzia.

Karibu na Izki tulisimama kwenye mgahawa wa kando ya njia, ule wa kuagiza bila kuteremka, unapiga honi kijana anakuja dirishani. Alikuja upande wa Nassor. Nilikuwa nimeshavuta pumzi niagize, nikaona kioo chake kinashuka.

"Karak," akasema, ile chai ya maziwa. Kisha kimya. Kijana akangoja. Gari la nyuma likapiga honi, likapiga tena. Mimi niliweka mikono yangu yote miwili kwenye usukani, nikatazama mlima ulio mbele.

"Mbili," akasema Nassor. "Sukari... kidogo. Na chapati." Akafikiri. "Ya yai."

Nimewaambia nilivyoviona: korongo, mireteni, migongo ya ndege. Uzuri wa mlima ule hauna mfano, na anayeweza kwenda na aende. Nilichojifunza ni kitu kidogo kuliko hivyo vyote. Nilijifunza kunyamaza muda wa kutosha mtu aagize chai yake mwenyewe. Chai ililetwa ya moto, chapati ilikuwa ya yai kama alivyotaka, na tuliila pale pale, magari yakitupita.