Kofia yenye Chale za Somoe

Nakumbuka Ijumaa moja kule kwetu Kigombe, mwanangu, mwanamume mzima alikaa chini mlangoni pake akalia mbele za watu, na aliyemliza ni mimi na sindano yangu.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa msichana, nashona kofia za viua, zile za vitundu vya sindano, na nilikuwa najiona. Wenzangu walirudia nakshi za mama zao; mimi kila kofia nilitaka iwe na jambo jipya. Nilitazama magamba ya samaki changu, nyavu zilizoanikwa, singa za mkonge zikikauka juani. Macho yangu hayakuwa na adabu, niseme ukweli.

Kambini walikaa watu wa kusini waliokuja kukata mkonge. Mmoja wao, Somoe mke wa Saidi, alijifungua mtoto wa kwanza, na mama yangu, aliyekuwa mkunga, akaenda kumkanda kwa maji ya moto. Mimi nilibeba debe. Somoe alipofungua kanga nikaziona chale za kwao: mistari kama miba ya samaki, inatoka kitovuni mpaka mbavuni, na vitone katikati. Nilisahau hata kumimina maji. Nilirudi nyumbani nikazichora kwenye kofia vile vile, sikupunguza mstari. Sikuwahi kushona kofia nzuri kama ile, na Bakari, kijana mvuvi, akainunua kabla sijaifua.

Sikujua kwamba kwa kina Somoe chale za tumboni haonyeshwi mwanamume yeyote ila mume.

Ijumaa hiyo msikitini Saidi aliketi safu ya pili. Mbele yake aliketi Bakari na kofia yangu. Basi Saidi akaliona tumbo la mkewe kichwani mwa mwanamume mwingine. Hakungoja hata sala. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwake, akamwita Somoe mlangoni, majirani wanasikia, akampa talaka tatu kwa pumzi moja.

Habari ilitukuta jikoni. Mama akaweka mwiko chini.

"Nakshi ya kofia ya Bakari umeitoa wapi weye?"

Nilikwisha elewa, nikamwambia. Mama alinishika mkono akanikokota mpaka kambini.

Nilipiga magoti mbele ya Saidi nikasema yote.

"Ni wewe uliyeziona?" akaniuliza.

"Ni miye, kaka. Siku ya kumkanda. Bakari hajaona kitu, na mkeo hana kosa."

Aliniamini. Afadhali angenipiga. Aliniamini, na talaka zimekwisha toka, na wazee waliokuwapo wakamwambia hakuna tena la kufanya. Ndipo alipokaa chini. Mwanangu, mimi nimezika watu wengi, lakini sijapata kusikia kilio kama kile.

Somoe alikuwa anafunga mzigo, mtoto mgongoni. Nilidhani atanitukana. Akasema polepole tu:

"Mdogo wangu, si ungeniomba? Ningelala mbele yako uzichore mpaka uchoke."

Akaenda kukaa eda kwa shangazi yake mjini, halafu kwao kusini. Sikumwona tena. Mpaka leo nikiyakumbuka maneno yale nashtuka, na mimi bibi mzee.

Wewe uliyeanza kuchora vitambaa, sikukatazi kutazama. Tazama majani, tazama paa za watu, tazama hata ukungu kwenye ukuta wa choo. Lakini kitu cha mtu ulichokiona kwa sababu alikuamini, usikitie kwenye kitambaa mpaka umwombe mwenyewe, kwa mdomo wako, na akikataa ukiache, hata kama kitakunyima usingizi. Usiseme utaeleza baadaye. Mimi nilieleza siku ile ile, na nilikuwa nimechelewa.

Mungu akupe macho makali na ulimi mwepesi wa kuomba. Azibariki kazi zako, na mikono yako isije ikavunja nyumba ya mtu. Amina, mwanangu.