Wagonjwa Walioombewa Ng'ambo ya Bonde

Matangazo ya ndoa yangu yalikuwa yamesomwa kanisani mara mbili, likabaki la mwisho tu, homa ya matumbo ilipoingia kwetu Werugha. Ilikuwa miaka ya hamsini, majira ya mvua. Nilikuwa naolewa ng'ambo ya bonde, kijiji kilicho karibu hivi kwamba ukisimama kwenye shamba la mboga la baba, ukungu ukipanda, unaona moshi wa jikoni kwao.

Zahanati ilikuwa upande wetu. Mtu wa kwetu akishikwa na homa, alipelekwa siku hiyo hiyo, hata kama angeshushwa kwenye mahema ya wagonjwa kule chini. Kwa hiyo bwana afya alipopanda kutoka Voi akajumlisha hesabu za zahanati, karibu wagonjwa wote walikuwa wa kijiji chetu, na wa ng'ambo hakuna hata mmoja. Akaamuru tusishuke sokoni Mwatate wala tusivuke bonde mpaka homa itulie. Alikuwa kijana wa Kikamba, mpole wa maneno, na hakuna aliyembishia.

Shangazi wa mchumba wangu alisimama upande wao wa kijito, mimi nikiteka maji upande wetu.

"Wewe binti," aliniita, "unakuja kuolewa ama unatuletea homa?"

Waliokuwa naye walicheka. Nami nilijaribu kucheka, kisha nikaenda kulia kwenye zizi la ng'ombe. Tulikuwa tumeanza kusikia kwamba wazee wao wanataja binti wa kijiji kingine.

Jumapili iliyofuata bwana afya alisali ng'ambo, akiamini huko ndiko kuliko salama. Yaliyotokea nilisimuliwa na mchumba wangu, ambaye alikuwa kwenye benchi la nyuma yake. Ilikuwa desturi yetu kwamba kabla ya maombi marefu mwinjilisti huuliza nani ana haja. Mama mmoja akasimama akaomba wamkumbuke mtoto wake anayeungua homa. Mzee akaombea wajukuu. Shangazi yule yule akamwombea mumewe, ambaye hawezi kuinuka kitandani. Wakaendelea kusimama, na bwana afya, badala ya kufumba macho, akawa anageuka kuwatazama mmoja mmoja.

Ibada ilipokwisha hakukaripia. Aliwauliza tu mbona hao wote hajawaona zahanati. Watu wakatazama chini, isipokuwa shangazi.

"Wewe ukimpata mgonjwa unamshusha kule chini ukamweke kwenye hema, mbali na watu wake," akasema. "Mungu tukimwambia, hana hema."

Kanisa zima likacheka, na bwana afya akacheka kuliko wote. Kisha akaomba wazee wa vijiji vyote viwili wakutane naye kijitoni. Siku hiyo nilikuwepo.

"Nilisoma hesabu vibaya," akatuambia. "Ilinionyesha nani anakuja zahanati. Mimi nikadhani inanionyesha nani anaugua."

Nimesikiliza mahubiri mengi maishani na ninamshukuru Mungu kwa yote, lakini ni watu wachache nimewaona wakisema hivyo mbele ya wale waliowaamuru juzi. Alisema homa iko kote, maji tunayokunywa ni ya kijito kimoja, kwa hiyo hakuna wa kumfungia mwenzake njia. Sote tuchemshe maji na tuchimbe vyoo mbali na kijito. Na mgonjwa mwenye mtu wa kumuuguza atatibiwa nyumbani kwake.

Tangu hapo kila Jumapili alisali kanisa tofauti, akisikiliza haja za watu, na Jumatatu mganga wa zahanati alipita nyumba hizo na dawa. Mwinjilisti alimuuliza kama si vibaya kuyageuza maombi kuwa kazi ya serikali. Akajibu kwamba yeye anaenda tu pale watu walipoomba msaada uende. Nimelitafakari jibu hilo miaka mingi, na bado silioni kosa.

Tulizika watu, pande zote mbili. Mume wa shangazi alipona. Mvua zilipokatika tangazo langu la tatu likasomwa, na siku ya harusi nilipofika kijitoni na watu wetu, shangazi alikuwa amesimama upande wao na kibuyu mkononi.

"Yamechemshwa," akasema. "Kunywa, mwanangu, tuondoke."

Nikanywa, nikavuka.