Ulizo ya ku mulango

Leo mu kilasi mama mumoja alinipasua mudomo, na mi njo nilikuwa na makosa.

Tunasoma bitabu bya zamani sana bya Baingereza, na prof anapenda tujue namna batu bale baliishi. Kwabo, mugeni hakuingia mu nyumba ya mufalme mpaka mulinzi amuulize kwanza: wewe ni mutoto ya nani, ulitoka wapi?

Prof akanipatia muti ya ufagio, nikakuwa mulinzi. Mama Ngalula, mwenye kupita sisi wote miaka mu kilasi, akakuwa mugeni.

Nikafanya sauti ya kutisha, benzangu bakacheka: "Baba yako ni nani? Ulitoka wapi?"

Akaninyanganya ile muti, akanipiga nayo ku mudomo. Mara mbili.

Kisha akasema pole pole: "Njo bile baliulizaka tata yangu, baba mwenye kunizaa, ule mwaka ya kufukuza Bakasai, batu ba kutoka Kasai, hapa Kolwezi. Alijibu muzuri, na heshima yote. Bakamuchinja palepale ku mulango."

Ku nyumba yetu tata yangu akaona damu ku mudomo yangu. Nikamuelezea yote. Kisha nikamuuliza ule mwaka yeye alikuwa anauliza ku mulango ya nani.

Alisimama, akaenda kufunga mulango yetu.

Ninyi mungemuuliza tena?